Lori halipati joto asubuhi: ninunue hita nyingine au nitoe themostati?

*"Shikamoo fundi. Niko Fargo, North Dakota, na hii ni baridi yangu ya pili. Nyumbani niliendesha lori miaka tisa, Dar hadi Lubumbashi kupitia Tunduma, na sikuwahi kugusa swichi ya hita. Mwezi wa nane nilinunua lori lililotumika, modeli ya 2015, injini ya lita 15, kichwa kifupi kisicho na kitanda. Asubuhi yenye nyuzi -25 za Selsiasi naliwasha, naweka hita mpaka mwisho na feni mpaka mwisho, naliacha lingurume dakika 45. Nikipanda, pumzi yangu bado inatoka kama moshi. Barabara kuu linapata uvuguvugu, nikisimama kwenye taa hewa inarudi baridi. Geji ya joto haivuki 140 ya Fahrenheit hata nikifika Grand Forks. Maji ya rejeta nimeongeza mara mbili tangu Septemba, ya bomba. Jamaa mmoja ananiambia nitoe themostati ili maji ya moto yafike kwenye hita haraka. Mwingine anasema nifunike rejeta kwa boksi. Wa tatu ananiuzia hita ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti. Nifuate lipi?"*

Marahaba, mdogo wangu. Umeandika kama dereva anayelisikiliza gari lake, na hilo limenirahisishia kazi. Umeuliza namna ya kuharakisha joto la kebini. Lakini kuna mambo mawili umeyataja kwa kupita tu, na ugonjwa umejificha humo: geji isiyovuka 140, na maji ya bomba uliyoongeza mara mbili. Weka pochi mfukoni kwanza, usinunue kitu.

Tuelewane hita ni kitu gani. Hita ya lori haitengenezi moto. Ni rejeta ndogo tu iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Maji ya injini yanapita ndani yake, feni inapuliza hewa juu yake, na hewa hiyo ndiyo inayokujia miguuni. Joto lote unalolipata ni lile ambalo injini imeshindwa kulitumia kusukuma lori. Injini ikiwa baridi, hita haina cha kukugawia, hata ukizungusha swichi mpaka ikatike. Kwa hiyo mimi ningejiuliza hivi: joto la injini yako linakwenda wapi?

Sasa themostati. Huyo jamaa yako nadhani namjua, si kwa jina bali kwa shule aliyosoma, kwa sababu ndiyo niliyosoma mimi. Kwenye gereji za mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, lori likifika linachemsha, jambo la kwanza tulikuwa tunang'oa themostati na kuitupa kwenye debe la vyuma chakavu. Kule adui ni joto. Unapanda mlima Kitonga na tani 30 mgongoni, rejeta imejaa kutu na chokaa ya maji ya kisima, kila mtu anataka maji yazunguke muda wote. Haikuwa tiba nzuri hata kule, tulikuwa tunaficha rejeta mbovu, lakini lori lilifika Makambako na mteja akashukuru.

Themostati ni mlango. Ndani yake kuna nta iliyofungiwa kwenye kopo dogo la chuma. Nta ikiwa baridi, mlango umefungwa, na maji yanazunguka ndani ya injini na kwenye hita yako tu. Rejeta kubwa ya mbele haipati kitu. Maji yakifika nyuzi joto 82 hivi, au 88, inategemea namba iliyochapwa juu yake (kwa Fahrenheit ni 180 na 190), nta inayeyuka, inatanuka, inausukuma mlango, ndipo maji yanaruhusiwa kwenda mbele kupozwa. Ukiing'oa, maji yanakwenda kupozwa tangu sekunde ya kwanza, kwenye rejeta inayopulizwa na upepo wa nyuzi -25. Ni kama kuchemsha chai sufuria ikiwa kwenye mkondo wa mto. Kwenye injini kadhaa kubwa kuna hasara nyingine: themostati ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji injini ikipata moto, kwa hiyo ukiitoa, injini hiyo hiyo inaweza kuchemsha kiangazi.

Geji yako ya 140 ni nyuzi 60 za Selsiasi. Kwa lori lililotembea maili 80 kutoka Fargo hadi Grand Forks, hiyo si kawaida hata kidogo. Injini nzima ilitakiwa ikae 180 na kitu kabla hujafika nusu ya safari. Ukiniambia nibashiri bila kulishika gari, nitasema themostati yako imekwama wazi, au aliyekuuzia alishaitoa. Ona na dalili nyingine uliyoitaja mwenyewe: ukitembea kuna uvuguvugu, ukisimama kwenye taa joto linakimbia. Injini yenye themostati nzima ingelitunza joto hilo dakika kadhaa bila wasiwasi.

Na hasara haiishii kwenye vidole vyako. Injini ya dizeli inayofanya kazi ya ubaridi siku nzima haichomi mafuta yote. Yanashuka kwenye oili na kuichujua. Chujio la masizi kwenye ekzosi linajaa upesi, na kompyuta inashindwa kulichoma vizuri kwa sababu inaona injini haijapata moto. Themostati ni kipuri cha bei ndogo, chujio hilo si hivyo. Ukitaka kuhakikisha kabla ya kuinunua mpya, ifungue, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni, sufuria utakayoitupa baadaye, siyo ya mama watoto, weka kipimajoto na washa moto. Ikiwa imefunguka kabla maji hayajafika hata nyuzi 60 za Selsiasi, umempata mwizi.

Maji ya bomba nayo, hapo nitakuwa mkali kidogo. Nyumbani maji ya rejeta ni maji tu. Ukiishiwa barabarani unachota mtoni. Hapa yale yaliyomo ni mchanganyiko: nusu maji, nusu dawa ya kuzuia kuganda, ambayo kwa kawaida ni ethilini glikoli. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu haugandi mpaka karibu nyuzi -37. Kila lita ya bomba unayoiongeza inaisogeza namba hiyo juu, na siku moja utakuta Fargo imeshuka kuliko rejeta yako. Maji yakiganda yanatanuka, na chuma cha bloku, yaani mwili wa injini, hakitanuki. Injini inapasuka ukiwa umelala. Usije tena ukadhani dawa tupu bila maji ndiyo kinga bora: glikoli peke yake inaganda kwenye nyuzi -13 hivi. Ni ule mchanganyiko unaofanya kazi, kila kimoja kikimzuia mwenzake kuganda. Nenda duka lolote la vipuri, wana kipimo kidogo cha kuchungulia kama darubini. Tone moja linakuambia umebaki na kinga ya nyuzi ngapi. Lifanye wiki hii. Na usiamini rangi, kwa sababu kila kiwanda kina rangi zake. Soma kitabu cha lori kinataka aina gani. Hiyo dawa ina utamu na ni sumu, kwa hiyo ikimwagika uani, ifute kabla mtoto au mbwa hajailamba.

Kwa nini yalipungua, ndilo swali gumu zaidi. Maji ya rejeta hayaliwi kama mafuta. Mfumo mzima ni mzunguko uliofungwa, ukiongeza mara mbili ndani ya miezi michache kuna mahali yanatoka. Yakipungua, wa kwanza kuteseka ni hita ya kebini, kwa kuwa iko juu na hewa hupenda kukaa juu. Asubuhi ukiwasha, sikiliza nyuma ya dashibodi: ukisikia sauti kama ya mtu anayesukutua, hiyo ni hewa ndani ya hita, na hewa haibebi joto. Itabidi maji yajazwe na hewa itolewe kwa utaratibu wa injini yako. Kifuniko kisifunguliwe kamwe injini ikiwa ya moto. Maji yaliyobanwa yanaruka usoni.

Kuna mambo mawili utayapima mwenyewe bila fundi. Injini ikishapata moto kiasi, izime, fungua boneti, na ushike paipu mbili za hita zinazoingia kwenye ukuta wa kebini. Zote mbili zikiwa za moto na hewa ndani bado baridi, tatizo liko ndani ya dashibodi, kwenye kile kibati kinachochanganya hewa ya moto na ya baridi. Moja ya moto na nyingine baridi, maji hayapiti: ama hita imeziba, ama koki imefungwa. Ndiyo, koki. Malori mengi yana koki kwenye njia ya hita pale injini, na madereva wengine huzifunga kiangazi ili kebini isipate joto la bure. Lori ulilinunua mwezi wa nane. Nimewahi kumaliza "hita mbovu" kwa kuzungusha koki robo mzunguko, na mteja akakataa kuamini kwamba sijabadilisha kitu. Ukiwa hapo chini angalia na chujio la hewa la kebini. Likijaa vumbi, hata joto likiwepo halitakufikia.

Tuseme hayo yote yamekaa sawa. Bado asubuhi ya nyuzi -25 itakuwa asubuhi ya nyuzi -25, na hapa ndipo dakika zako 45 zinapopotea.

Injini ya dizeli ikinguruma bila mzigo, sailensa kama tunavyosema gereji, ni jiko baya mno. Inavuta hewa nyingi ya baridi, inadondosha mafuta kidogo tu, na hewa hiyo inatoka na sehemu kubwa ya joto kupitia ekzosi. Umbile lake ni zaidi ya tani moja ya chuma. Utasubiri sana. Lori kubwa likinguruma hivyo hunywa karibu galoni 0.8 kwa saa, takriban lita 3, kwa hiyo kila asubuhi unamwaga zaidi ya lita 2 ili upate masizi. Kinachopasha dizeli ni kazi. Washa, subiri presha ya oili itulie, pandisha mzunguko hadi 1,000 au 1,100 kwa vitufe vya kruzi (vile vya kushikilia mwendo) wakati breki zinajaza upepo na wewe unakagua matairi na taa, kisha ondoka taratibu. Maili tano za mzigo mwepesi zitafanya kazi ambayo nusu saa ya kunguruma haikuifanya. Usilikamue tu kabla geji haijapanda, oili ya baridi ni nzito kama asali.

Na feni ya hita usiiweke mwisho tangu mwanzo. Najua vidole vinauma. Lakini maji yakiwa bado ya nyuzi 20, ukiyapuliza kwa nguvu na hewa ya -25 unayapokonya kile kidogo ambacho injini imejitahidi kukipata. Anza na namba moja kuelekea kioo cha mbele, subiri geji isogee, ndipo uongeze. Kioo kikishasafika, bonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, kile chenye mshale uliojikunja. Kuipasha moto upya hewa ya kebini iliyofika nyuzi 10 ni rahisi kuliko kuanza na ya nje kila mara. Vioo vikianza kufanya ukungu, rudisha hewa ya nje dakika chache.

Sasa vya kununua, na nitakupa bei ya ukweli wa kila kimoja.

Cha bure huenda tayari unacho. Chungulia karibu na bampa ya mbele au pembeni mwa ngazi ya dereva: kama kuna plagi ya umeme yenye kifuniko, hiyo ni hita ya bloku. Malori mengi ya kaskazini huuzwa nayo. Kwa kawaida ni ya wati 1,500 au pungufu kidogo, inachomekwa kwenye umeme wa nyumbani na kupasha maji ya injini usiku. Tusiidanganyie sifa. Nikipiga hesabu ya chuma chako na lita 50 za maji, saa tatu za umeme huo zinapandisha injini nyuzi 20 tu, tena kabla upepo haujachukua chake. Itaamka karibu na -5 badala ya -25. Lakini ndiyo tofauti kati ya injini inayowaka kwa shida na inayowaka kama ya Morogoro, na hita inaanza kupata uvuguvugu mapema. Weka saa ya kujiwasha, ianze saa tatu au nne kabla ya safari. Kuiacha usiku kucha ni kulipasha joto anga la North Dakota. Gharama ni chini ya dola moja kwa asubuhi. Waya wa kuongezea uwe mnene, wa nje, geji 12 (hapa namba ndogo ndiyo waya mnene), kwa sababu unavuta zaidi ya ampea 12. Ule wa taa za Krismasi utaungua. Na utundike kitambaa chekundu kwenye usukani kukukumbusha kuchomoa. Baridi yangu ya kwanza niliburuta waya wa futi 25 mpaka kituo cha mafuta, watu wakinipungia mkono na mimi nikiwapungia.

Ukiwa na hela ya kutumia, kinachojibu swali lako hasa ni hita ya hewa inayochoma dizeli. Ni kiboksi chenye moto wake, kinavuta mafuta kutoka tangini na kupuliza hewa ya moto kebini bila injini kuwaka. Ya kilowati 2 inatosha kichwa kifupi, inanywa chini ya lita 0.3 kwa saa, na ndani ya dakika kumi na tano utavua koti. Ipo na nyingine inayopasha maji ya injini, ya kilowati 5 hivi. Hiyo inakupa injini na kebini pamoja, ila ni ghali zaidi na ufungaji wake ni mgumu. Kwa mtu anayelala nyumbani kwenye umeme, ningechagua hita ya bloku pamoja na ile ya hewa. Zipo za bei poa mtandaoni, chini ya dola 200. Sikukatazi, lakini ekzosi yake lazima itoke nje kabisa ya kebini, paipu zisiwe na muungo ndani, na ifungwe na mtu aliyewahi kufunga nyingine. Ukiwa nayo, weka king'ora cha kaboni monoksaidi, kile cha betri.

Hiyo ya tundu la kiberiti achana nayo. Tundu lile linatoa wati 150 hivi. Hita ya lori lako ni ya kilowati kadhaa. Unanunua mshumaa.

Boksi mbele ya rejeta ni wazo la nusu. Themostati ikiwa nzima, rejeta haina kazi mpaka injini ipate moto, kwa hiyo kuifunika uani hakuharakishi sana. Barabarani kunasaidia, kwa kuwa kunazuia upepo usiingie chini ya boneti. Ila mbele ya rejeta yako kuna intakula, kile kipoza hewa ya tabo, nacho kinahitaji upepo. Ukiziba chote kwa boksi, feni itaanza kupiga kelele na injini itapoteza nguvu. Nunua kifuniko cha kitambaa kilichokatwa kwa lori lako, chenye madirisha, na ukivue siku za joto. Tukiwa kwenye feni: ile kubwa ya injini ikinguruma kama ndege muda wote, hata asubuhi ya baridi, klachi yake imekwama bila kuachia na inakupokonya joto.

Kitu kimoja sitakiandika kwa utani. Usiwashe lori ndani ya gereji iliyofungwa, usilale ndani ya kebini theluji imefunika bomba la moshi, na usiingize jiko la mkaa kebini wala nyumbani. Februari 2021 umeme ulipokatika Texas watu walikufa kwa kaboni monoksaidi, wengine wakijipasha moto ndani ya magari gerejini. Haina harufu wala rangi. Kichwa kikianza kuuma na usingizi usioeleweka, toka nje kwanza, maswali baadaye.

Lipeleke kwa fundi haraka, usisubiri wikendi, ukiona mojawapo ya haya: moshi mweupe wenye harufu tamu usioisha injini ikipata moto; oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa; utando wa mafuta na harufu tamu kwenye kioo cha mbele kwa ndani, maana hita inavuja; au maji yanaendelea kupungua na chini hakuna hata tone. Hilo la mwisho ndilo linalonitia wasiwasi kwako. Kwenye injini za miaka hiyo, kipoza moshi, kile kinachopoza moshi wa ekzosi unaorudishwa kwenye injini, huweza kupasuka na maji yakachomwa ndani bila wewe kuona. Fundi ataupima mfumo kwa pampu ya presha, ni kazi ya muda mfupi.

Kwa hiyo Jumamosi anza na kipimo cha maji, kisha koki, kisha themostati. Ukishaifunga mpya, endesha maili 20 na uniandikie geji imesimama wapi. Ikiwa 180 na zaidi na kebini bado baridi, nitajua tuingie ndani ya dashibodi. Ikiwa bado 140, usiinunue themostati ya pili. Nitakuuliza habari za ile feni.